Mbolea ya Angelina, Mtama wa Devota

Wifi yangu Angelina anaimba vizuri kuliko wote kwenye kwaya yetu, anapika mlenda ambao hata mgonjwa asiye na hamu ya kula ataomba aongezwe, na hajawahi kumnyima jirani chumvi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani namchukia. Ameolewa na kaka yangu Stanley, na siku nilipofiwa alilala sakafuni kwangu mpaka nilipoweza kumeza uji. Lakini mtu huyu ana gere. Anaamka nayo na analala nayo, na wala haiwahusu watu wote, maana hapo ingekuwa nafuu. Inamhusu mtu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja, Devota.

Nianzie Jumapili ya mavuno, maana huko ndiko nilikoona jambo hili limekuwa kubwa. Kanisani kwetu hapa Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, siku hiyo kila nyumba hupeleka kidogo cha kile ilichovuna, na ibada ikiisha vitu hunadiwa uani. Devota alileta masuke ya mtama aliyoyafunga kwa kipande cha kanga, mazito mpaka yaliinama pande zote mbili za mkono wa mzee Silvano, mnadi wetu. Watu wawili walishindana kuyanunua, mmoja akiwa mgeni kutoka mjini, na uwanja mzima ukawa unacheka na kupiga makofi. Kisha yakafuata masuke ya Angelina. Yalikuwa membamba, punje zake ndogo na chache. Silvano aliyainua, akayageuza, akatafuta neno la kuyasifia, mwishowe akasema, "Haya, na hapa tuna mtama safi kabisa, hauna hata vumbi."

Hakuna aliyetaja bei. Nikanunua mimi, kwa kuwa ni wifi yake na nilikuwa nimekaa mbele.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaanza.

"Umeona alivyoufunga kwa kanga mpya?"

"Nimeona."

"Kanga mpya, wifi. Mtu anachana kanga mpya afungie mtama, kusudi mimi nione."

"Labda hakuwa na kamba."

"Kamba anazo," akasema, akaongeza mwendo mpaka tulipofika kwake.

Suala la kanga lingeishia hapo kama si mama yao. Mama Tereza ni mjane, mwembamba, mwepesi wa miguu kwa umri wake, na ana shida moja: hali unga wa dukani. Anasema unamkaa kifuani. Anataka ugali wa mtama au wa uwele uliotoka shambani kwa watu anaowajua. Basi tangu mumewe alipofariki, kila mwaka baada ya mavuno huenda kwa binti zake wote wawili, akaangalia nafaka iliyohifadhiwa, kisha akabeba kigoda chake, chungu chake na kuku wake, akahamia kwa yule ambaye chakula chake kitafika mavuno mengine. Kwake yeye hilo halikuwa na siri yoyote. Ilikuwa ni hesabu ya tumbo tu. Kwa Angelina ilikuwa hukumu, na kila mwaka hukumu hiyo ilimwangukia yeye, maana kila mwaka mama alihamia kwa Devota.

Ukitaka kujua uchungu wake, ingia nyumbani kwake. Kuna chumba anachokiita chumba cha Bibi. Kina kitanda, godoro ambalo halijatolewa karatasi yake ya nailoni, chandarua na pazia la maua. Watoto hawaruhusiwi kulala humo hata wageni wakijaa. Kila Jumamosi Angelina hukifagia, hupangusa vumbi, hukung'uta pazia, kisha hufunga mlango. Alimtaka mama yake kwa roho yake yote, alale humo, amsikie akikohoa asubuhi. Hilo ndilo alilolitaka maishani, na mimi sioni ubaya wake.

Sasa tuje kwenye shamba. Baba yao, mzee Mlewa, alikuwa na shamba moja refu lililoanzia upande wa reli likateremka mpaka korongoni. Alipoona nguvu zinamwishia aliligawa kati kwa mstari wa minyaa. Kipande cha juu alimpa Angelina kwa kuwa ndiye mkubwa, cha chini akampa Devota. Ardhi ni ileile. Ukipiga jembe juu au chini unatoa vijiwe vyeupe, laini, ambavyo sisi tukiwa watoto tulikuwa tunachorea ukutani, na mama zetu walivisaga wakapaka kwenye kuta za nyumba. Chokaa, kwa neno moja. Kila mtu wa hapa anajua kwamba ardhi yetu ina chokaa, ila hakuna aliyewahi kujiuliza hiyo chokaa inafanya kazi gani humo ndani.

Angelina hakuwa mvivu. Kaka yangu ni fundi bomba mjini, kazi zake nyingi ziko mitaa ya Area D na Kikuyu, na alikuwa akipata pesa anamletea mkewe mbolea ya kupandia, gunia zima zima. Angelina alikuwa akiimwaga juu ya ardhi kwa mkono, huku na huku, kama anayelisha kuku, halafu anapanda. Mtama uliota vizuri. Ukifika magotini unasimama, na majani yanaanza kugeuka zambarau kuanzia kingoni. Mwaka wa kwanza akasema mvua. Mwaka uliofuata akasema mbegu, na akaongeza mbolea. Uliofuata tena akawa anautazama mstari wa minyaa.

Maana upande wa pili wa minyaa Devota alikuwa anavuna. Naye hakuwa na chochote cha kumwonea gere. Mumewe Ernest ana mbuzi wachache na mgongo mbovu. Mbolea walinunua ya kupima, ile ya kwenye mfuko wa nailoni, kwa hiyo Devota hakuthubutu kuimwaga. Alichimba shimo, akatia konzi ya samadi ya mbuzi iliyooza, akatia mbolea kwa kifuniko cha soda, akafukia kidogo, ndipo akaweka mbegu. Mvua zikielekea ukingoni, sehemu ya shamba aliipanda dengu, kwa sababu Shahil, mfanyabiashara wa nafaka mjini, alimwambia ananunua dengu zote atakazopata. Mwaka uliofuata pale palipokuwa na dengu aliweka mtama. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia ardhi yenyewe ni ndogo na mtu lazima azungushe. Hakuwa na ujuzi wowote uliofichwa. Alikuwa na ukata tu, na ukata ulimfanya atumie kidogo alichonacho karibu na mzizi.

Angelina aliona vingine. Alimwona Shahil akija na gari kuchukua dengu, akaniambia yule Mhindi anampa Devota dawa ya kuua rutuba ya majirani. Nikamwambia Shahil ana kazi nyingi kuliko hiyo. Akaninunia hadi Jumapili.

Kisha ikaja hadithi ya Njombe. Kwenye kwaya tuna mama mmoja, Mama Edina, Mbena wa huko, mumewe alihamishiwa Dodoma na wizara. Siku moja baada ya mazoezi alisimulia kwamba kwao mahindi yalikuwa yakidumaa vilevile, mpaka wakaletewa chokaa ya kilimo, wakaimwaga, na mahindi yakapanda juu. Wala hakusema uongo, kwao ndivyo ilivyo. Angelina alimsikiliza mdomo wazi. Wiki iliyofuata kaka yangu alishusha magunia ya chokaa kutoka kwenye bajaji. Nilikuwepo. Nilitazama magunia, nikatazama shamba lilivyokuwa na vijiwe vyake vyeupe vinavyong'aa juani, nikamwuliza, "Wifi, si hapa tayari kuna chokaa?"

"Hiyo ni mawe," akasema. "Hii imesagwa."

Mtu mwenye kijiba cha roho humfundishi kitu. Akaimwaga chokaa juu ya chokaa, na mwaka huo ndio masuke yalipopata sifa ya kutokuwa na vumbi.

Baada ya Jumapili ile ya mnada, Angelina aliitisha kikao cha familia. Tulikaa uani kwenye nyumba ya zamani ya wazee wao, mama, yeye na Stanley, Devota na Ernest, na mimi niliyealikwa ili niwe upande wake. Alisema baba hakugawa sawa. Alisema kipande cha korongoni kilikuwa na zizi la zamani, na samadi ya ng'ombe wa babu bado imo ardhini, ndiyo inayomlisha Devota mpaka leo.

"Zizi lilikuwa nyuma ya nyumba hii," akasema Mama Tereza. "Choo kimejengwa juu yake."

"La zamani zaidi, mama. Kabla hujaolewa."

"Wewe ulikuwepo?"

Stanley akatazama viatu vyake. Ndipo Devota, ambaye muda wote alikuwa akichambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Kama dada anaona hivyo, tubadilishane. Achukue cha chini, mimi nichukue cha juu. Sina neno."

Nilidhani Angelina atafurahi. Alipata alichokitaka mbele ya mashahidi, bila hata kugombana. Lakini tulipokuwa tunarudi alikuwa amekunja uso kuliko alivyokuja.

"Mbona amekubali upesi hivyo?" akaniuliza. "Kuna kitu gani kwenye shamba langu anachokijua yeye?"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye hakucheka.

Mwaka wa kwanza wa kubadilishana ulikuwa mwaka wake. Mtama wa korongoni ulipanda, majani yakabaki kijani, masuke yakajaa. Devota huko juu alipanda dengu sehemu kubwa, akachimba mashimo yake na samadi yake, akavuna mtama kidogo tu, na kabla ya mwaka kwisha watoto wake walikuwa wanakula unga wa dukani. Baada ya mavuno Mama Tereza alizunguka nyumba zote mbili kama kawaida yake. Akaangalia nafaka ya Devota, akaangalia ya Angelina. Kesho yake asubuhi akaonekana njiani na kigoda kichwani, kuku wakiwa kwenye tenga mkononi, akielekea kwa Angelina.

Wifi yangu alilia. Alinipigia simu akilia, sikusikia anachosema, nikadhani kuna msiba. Nilipofika nilikuta nailoni ya godoro imetolewa, pazia limefungwa upande, na mama amekaa kitandani akijaribu kama panabonyea. Kwa siku kadhaa Angelina alikuwa mtu mwingine. Aliimba jikoni. Alinipa mtama wa kupeleka nyumbani bila kunikumbusha kurudisha gunia.

Nilizoea kwenda kwao jioni, ndipo nilipoanza kuona. Mama akiwa ameketi uani, Angelina alikuwa anakuja na sahani, anakaa karibu yake, na swali lake la kwanza huwa, "Ulipita kwa Devota leo?" Mama akisema ndiyo, anaulizwa walipika nini. Akisema hapana, anaulizwa kwa nini, kuna nini huko. "Huu ugali na wa Devota, upi laini?" "Alikuwa anakupa maziwa?" "Watoto wake wanakuamkia, au wanakupita tu?" Mwanzoni mama alijibu. Baadaye akawa anasema, "Sijui, mwanangu," kisha anaangalia kuku wake. Kila jua likishuka Angelina alikwenda kusimama kwenye minyaa, akachungulia dengu za mdogo wake, akarudi akitabasamu kwa kuwa zilikuwa fupi.

Dengu huwa fupi. Lakini nani amwambie?

Shamba la korongoni alilihudumia kwa namna yake. Gunia la mbolea likamwagwa juu, mkono huku na mkono kule. Sehemu ya ile chokaa ya Njombe iliyobaki ikamwagwa pia, kwa kuwa alisema sasa ardhi imekubali. Samadi alikataa, akasema inaleta magugu na wadudu. Msimu wa pili ulipofika, mtama ulisimama magotini, na siku moja asubuhi nikamkuta amechuchumaa katikati ya shamba ameshika jani. Lilikuwa zambarau.

Alinyanyuka akaangalia juu ya minyaa. Kule kwenye shamba lake la zamani, lile lililomwaibisha miaka yote, mtama wa Devota ulikuwa umempita mtu urefu.

Mwingine angekwenda kuomba ushauri. Angelina alikwenda kuleta shahidi. Alipanda bodaboda mpaka ofisi ya kata akarudi na bibi shamba, msichana anayeitwa Ritha, mgeni kwetu, ambaye hakujua habari ya kanga wala ya kigoda. Alimwita ili athibitishe kwamba Devota anatumia kitu. Mimi nilifuatana nao kwa sababu nisingekosa hilo kwa lolote.

Ritha hakwenda kwanza kwa Devota. Alichukua udongo wa korongoni kwenye kiganja, akatoa chupa ya siki kwenye mkoba wake, akadondosha. Udongo ukatoa povu na kusikika ukichemka. Akavuka minyaa, akafanya vilevile, povu lilelile. Akaokota kijiwe cheupe, nacho kikachemka zaidi.

"Hii ardhi imejaa chokaa," akasema. "Juu na chini, hakuna tofauti. Mama, unaweka mbolea gani?"

Angelina akamwambia. Akamwambia na namna anavyoimwaga, na chokaa ya Njombe, kwa majivuno kidogo.

Ritha alifunga kwanza chupa yake ya siki taratibu, nadhani kwa adabu. Kisha akaeleza. Alisema mmea unaogeuka zambarau unalilia fosforasi, na ile mbolea ya kupandia ina fosforasi tele. Lakini ikimwagwa juu ya ardhi kama hii, chokaa iliyomo inaikamata na kuigandisha kabla mzizi haujaifikia. Njombe udongo ni mchachu, mwekundu, umejaa madini ya chuma yanayoikamata fosforasi vilevile, na huko ndiko chokaa inasaidia, kwa sababu inapunguza uchachu na kulegeza mkamato. Huku kwetu chokaa yenyewe ndiyo inayokamata. Kuongeza nyingine ni kukaza kufuli.

"Kwa hiyo ilipotea," akasema Angelina. "Mbolea yote ile ya miaka yote."

"Haijapotea, mama. Fosforasi haiendi mbali. Ipo palepale ulipoimwaga."

"Nilikuwa naimwaga kule juu."

"Basi ipo kule juu."

"Kule ni kwa Devota."

"Ndiyo," akasema Ritha, naye akawa anaendelea na maelezo yake kwa furaha ya mtu anayependa kazi. Alieleza kwamba mizizi ya dengu hutoa uchachu wake, kama hii siki ila kidogo kidogo, na uchachu huo unaifungua ile fosforasi iliyoganda. Samadi ikioza hufanya kazi hiyohiyo, tena inaizuia mbolea mpya isishikwe haraka. Ndiyo maana mtama unaofuata dengu unapata chakula. "Na kwenye lile shamba kilikuwepo kingi cha kufunguliwa. Mama, uliweka akiba nzuri sana pale."

Nilimwona wifi yangu akigeuka rangi. Alikuwa amemwonea mdogo wake gere kwa ardhi, kwa Shahil, kwa kanga, kwa mama, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba mtama ule mrefu kupita kichwa cha mtu ulikuwa unanyonya magunia aliyoyabeba yeye, yaliyonunuliwa kwa jasho la mumewe, na kwamba shamba hilo alimkabidhi Devota yeye mwenyewe mbele ya kikao.

Hakumuaga Ritha. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Devota, mimi nyuma yake nikishika kanga isinidondoke. Mama Tereza, aliyetuona tukipita kwa kasi, akafuata polepole.

Devota alikuwa anatwanga. Angelina akasimama mbele ya kinu.

"Unakula mbolea yangu."

"Mbolea gani, dada?"

Akamweleza yote, povu, chokaa, dengu, kwa sauti ambayo nadhani waliokuwa relini waliisikia. Devota alisikiliza akiwa ameegemea mchi. Nilimchungulia usoni nione kama atacheka, maana mimi ningecheka. Hakucheka.

"Mimi sikujua hilo," akasema. "Lakini kama ndivyo, basi mtama ukikauka njoo tuvune pamoja, tugawane. Au turudishiane mashamba. Chukua lako, dada, na dengu zilizomo chukua."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angetukanwa angepata pa kushika. Alifungua mdomo, na najua alikuwa anataka kusema ndiyo, nirudishie, ndipo mama yake akafika nyuma yetu akihema.

"Usimrudishie," akasema Mama Tereza. "Ukimrudishia la juu, mwakani atalitaka la chini."

"Mama," akasema Angelina.

"Nami nahamia hapa. Sisubiri mavuno."

Devota aliacha mchi. Angelina akasema kwa haraka kwamba mtama upo, kwamba wa mwaka jana bado umejaa, kwamba asipokuwa nao atamnunulia mtama kijijini Hombolo, wa shambani, siyo unga wa dukani.

"Siyo mtama," akasema mama. "Chumba chako kizuri. Godoro zuri. Ugali wako mzuri. Lakini mwaka mzima nimekaa kwako na hujawahi kuniuliza nimeamkaje. Umeniuliza Devota ameamkaje. Mimi nilikuwa dirisha lako la kumchungulia mwenzio. Nimechoka, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Angelina alikwenda mwenyewe kuleta kigoda, akakiweka chini mlangoni kwa Devota, akaondoka.

Mashamba hayakurudishwa. Ritha alirudi mara nyingine, na lazima niseme haki, wifi yangu alimsikiliza. Sasa anachimba mashimo, anatia samadi aliyoomba kwangu, anatumia kifuniko cha soda, na mvua zikielekea kwisha amepanda dengu pale korongoni. Chokaa ya Njombe iliyobaki kaka yangu ameipaka chooni. Majani ya mtama yamerudi kijani. Mwaka huu wana chakula cha kutosha, na cha mama yake kipo, kimewekwa kando kwenye gunia jipya.

Chumba cha Bibi bado anakifagia kila Jumamosi.

Wiki iliyopita aliniomba nimsindikize kwenda kumwona mama. Njia nzima alikuwa ananiambia atakavyosema. Atamwamkia, atakaa chini, atamwuliza habari zake, basi. Hatamtaja mtu. "Nitamwuliza habari zake yeye tu," akarudia, na mimi nikamwambia vizuri, wifi, uliza hizo tu.

Tulimkuta mama amekaa kwenye kigoda chake kivulini mwa nyumba, ungo mapajani, anapepeta mtama. Angelina akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Tukakaa. Mama akasimamisha ungo na kumtazama binti yake, akasubiri. Nilimwona Angelina akivuta pumzi. Halafu macho yake yakamponyoka, yakaenda ukutani ambako Devota alikuwa ameegemeza magunia ya mavuno, yakaanza kuyapitia moja moja. Nilimgusa kwa kiwiko.

"Mama," akasema, "hivi Devota mwaka huu amepata magunia mangapi?"

Mama Tereza alishusha macho, akarudi kwenye mtama wake. "Sijui," akasema. "Muulize mwenyewe." Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kifundo mpaka karibu na goti, na ulikuwa umenyooshwa mbele yetu muda wote.